Uvumilivu wa Kikristo, mbona anaambiwa aliyekosewa tu?

#1 MamaGenge_Njoro
Bwana asifiwe wapendwa, na wengine habari za jioni.

Naomba tulijadili hili bila kufichana. Nina genge hapa Moshi, nauza nyanya, vitunguu, mkaa wa kupima, mafuta ya kupima, sukari robo robo, vitu vya kawaida tu. Wateja wangu wengi nasali nao. Sasa kuna kitu nimekiona, hili neno "tuvumiliane" siku zote linatoka kwa aliyekosa kwenda kwa aliyekosewa, kinyume chake sijawahi kusikia. Mtu amechukua mkaa, kachukua mafuta, mwezi umekatika, ukimgusa anakwambia mama tuvumiliane ndio Ukristo huo. Ukienda kwa wazee wa kanisa wanakusomea upendo huvumilia, hufadhili, basi umeshafungwa mdomo kwa andiko. Hakuna anayemgeukia yule mwingine amwambie na wewe kuwa mwema basi, lipa hata kidogo kidogo.

Dai langu ni kwamba upole tumeufanya mzigo wa watu wa aina moja, wale wasiojua kugomba. Wenye sauti kubwa hawaubebi. Kwenu huko ikoje, kazini, nyumbani, kwenye daladala, popote pale?

#2 Chalii_wa_Ngarenaro
Hii mada imenigusa, nakaa hapa nasoma kwanza nitarudi.

#3 Mtumishi_Tengeru
Mama pole sana. Lakini tuseme ukweli, shida sio nani anaambiwa, shida tunataka kuwa wavumilivu kwa nguvu zetu. Uvumilivu ni tunda la Roho, soma Waefeso 5:22, sio tabia ya mtu kuzaliwa nayo. Mtu asiyeomba atakuwa mpole wiki moja halafu siku moja analipuka mtaa mzima unasikia. Ukikaa magotini hata huyo mdaiwa Mungu mwenyewe atamgusa.

#4 Kwaya_Alto
Mtumishi ni Wagalatia 5:22. Hiyo Waefeso 5:22 uliyotupa ni "enyi wake watiini waume zenu" 😂 sijui ulikuwa unaandika huku unamwangalia nani hapo ndani.

Ila kwenye hoja, Wagalatia wanaandikiwa kanisa zima. Kwenye orodha ileile yupo uaminifu na kiasi, kwa nini huyo anayekopa asiombewe apate uaminifu, tunamwombea mama genge tu apate uvumilivu?

#5 Mtumishi_Tengeru
Asante dada kwa sahihisho, ni Wagalatia. Lakini hoja ya maombi nasimama nayo.

#6 MangiMdogo
Mama genge nikwambie kama mfanyabiashara mwenzako, hapo hamna suala la Ukristo. Umechanganya biashara na ibada. Mimi nina duka Majengo, nimebandika karatasi mlangoni LEO TASLIMU KESHO MKOPO, mchungaji akija anaisoma, shemasi akija anaisoma, mjomba wangu akija anaisoma. Tunapendana vizuri kabisa, tena jumuiya wakija kuchangisha natoa. Ukitaka kusaidia mtu mpe bure mkamalizana, ukimkopesha mnaanza kuchukiana. Wema usizidi uwezo, wahenga walishamaliza.

#7 MamaGenge_Njoro
Mangi duka sio genge. Kwako anakuja mtu na noti. Kwangu anakuja mama saa moja usiku na mtoto mgongoni, anataka dagaa za mia tano na mafuta ya kupima, anaweka kikombe chake cha plastiki mezani kabla hajasema kama hela anayo au hana, na wewe unakijua hicho kikombe, unajua na mtoto mgonjwa. Karatasi ya mlangoni ningeibandika wapi, kwenye nyanya? Naandika kwenye daftari, roho inaniambia nimefanya vema, na kweli nimefanya vema. Wala sio huyo anayeniudhi. Anayeniudhi ni yule nikipita naona amesuka nywele mpya, kwenye harusi kachangia, mimi ananiambia tuvumiliane.

#8 Mwalimu_Mstaafu_Kibosho
Heshima kwenu wote. Naona mnatafuta andiko la deni na lipo wazi, Mathayo 18 kuanzia mstari wa 23. Mtumwa anadaiwa talanta elfu kumi, mfalme anamsamehe, anatoka nje anamkaba koo mwenzake anayemdai dinari mia.

Watu wengi wanahubiri kwamba dinari mia ni vijisenti. Sio vijisenti. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, mnaiona Mathayo 20 kwa wale wa shamba la mizabibu. Kwa hiyo dinari 100 ni kibarua cha miezi mitatu na zaidi, deni la kweli, linauma. Sasa talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, pigeni wenyewe hesabu ya talanta 10,000, ni deni ambalo mtu hawezi kulimaliza hata angeishi mara elfu. Yesu hakusema huyu mwenzake hadaiwi kitu. Alisema wewe uliyesamehewa kiasi kile unamkabaje mtu koo?

Kwa hiyo mama, kudai dai, koo usishike.

#9 Kwaya_Alto
Mwalimu shikamoo. Hapo hapo nimeona kitu, wote wawili kwenye mfano huo wanasema maneno yaleyale, "nivumilie, nami nitakulipa yote pia". Mstari wa 26 na wa 29. Yaani anayeomba kuvumiliwa anaahidi kulipa papo hapo. Hawa wa kwetu wanaishia kwenye nivumilie, sehemu ya pili wameikata.

#10 MamaGenge_Njoro
Alto Mungu akubariki, hiyo naiandika kwenye jalada la daftari.

#11 Nesi_wa_Zamu
Nina maelezo tofauti na ya Mtumishi na ya Mangi. Nafanya kazi hospitali moja hapa Moshi, wodi ya wanaume. Kwa nilivyoona mimi uvumilivu ni kama umeme wa Luku, yuniti zikiisha zimeisha na hakuna anayelala nazo. Zamu ya usiku mimi ni mpole kuliko malaika, ndugu wa mgonjwa ananifokea namjibu taratibu, baba anang'oa dripu mara ya tatu narudisha namfunika. Nikifika nyumbani saa mbili asubuhi mtoto wangu kamwaga uji tu, nafoka mpaka nyumba ya jirani wanazima redio. Nimeshaomba sana juu ya hili, Mtumishi usidhani siombi. Kinachonisaidia ni kulala.

Na Biblia inaniunga mkono. Eliya alipochoka chini ya mretemu akaomba afe, 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria hata neno, alimpa mkate na maji akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili ndio safari ikaendelea. Sisi mtu akichoka tunampa semina.

#12 Fundi_UngaLtd
Nesi umeongea! Bosi wangu karakana ni mlokole, asubuhi tunaanza na sala vizuri, ikifika saa tisa hajala, ukimletea spana namba nyingine utajuta. Akishakula anaomba radhi. Kila siku. Mke wake akituma chakula mapema siku hiyo karakana yote tunaokoka.

#13 Binti_Marangu
Mimi nampinga kidogo mleta mada. Umeongea kama vile uvumilivu ni wa mkosaji na mkosewa tu. Nakaa na mama mkwe, kumbukumbu zimeondoka. Asubuhi namlisha mtori, nyama naisaga kabisa maana hatafuni, kijiko cha kwanza anameza, cha pili anakitemea kwenye kanga yangu halafu ananiuliza kwa Kichaga mimi ni nani na nimeingiaje nyumbani kwake. Namwambia mimi ni mke wa mwanao mae. Anafurahi, ananishika uso, anakula vijiko vitatu. Halafu ananiuliza tena mimi ni nani.

Hapo nani amemkosea nani? Hakuna. Hakuna deni wala wa kuonywa. Na ndio uvumilivu mgumu kuliko yote niliyoona, kwa sababu huna hata wa kumkasirikia. Mawifi wako Dar na Arusha, wanapiga simu Jumapili wanasema Mungu atakulipa dada. Desemba wanapanda wote wanamkuta kaoga, ananukia, wanapiga picha.

#14 Nesi_wa_Zamu
Binti, kwa hali hiyo usikae peke yako nae asubuhi mpaka usiku. Waambie mawifi hao kwa majina yao, sio kwa mafumbo, nani anakuja lini au anatuma hela ya dada wa kusaidia. Na mama akikuuliza wewe ni nani usibishane nae, unavyomjibu ndivyo inavyotakiwa. Ukiona anapaliwa sana muwahishe daktari amwone namna anavyomeza.

#15 Binti_Marangu
Asante sana nesi, kweli anapaliwa siku hizi. Nitampeleka.

#16 Meku_wa_Kidia
Vijana mnazunguka mbali wakati jibu lipo mgombani. Wazee wetu Wachaga walikuwa na isale. Mtu amekukosea, anakuja kwako na jani la isale mkononi, au anamtuma mtu nalo, na ukishaletewa isale huwezi kukataa kusamehe, ukikataa mtaa mzima unakushangaa wewe. Angalieni nani anabeba jani, anabeba MKOSAJI. Ndio anayetoka nyumbani kwake, ndio anayepita njiani watu wakimwona. Baada ya hapo mnakaa, pombe ya mbege inapita, mambo yanaongelewa. Mama genge hilo unalolililia lilikuwepo hapa kwetu hata kabla wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, hawajaja 1885.

Maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia, vilevile. Zamu ikiwa ya jirani yako unasubiri, hata kama mgomba wako unanyauka, kwa sababu kesho yeye anakusubiri wewe. Uvumilivu ulikuwa na zamu. Mtu aliyeiba zamu alishughulikiwa na wazee wa mfongo, hakuna aliyesema tumvumilie.

#17 Mwalimu_Mstaafu_Kibosho
Meku nakubaliana nawe kwa isale, sahihisho dogo tu la mwaka. Waliokuja Moshi 1885 ni wamisionari Waanglikana wa CMS, kutoka Uingereza, wakaondoka 1892. Leipzig walifika Machame 1893. Huku kwetu Wakatoliki tulianzia Kilema, Mapadri wa Roho Mtakatifu.

Na hapo kwenu Kidia ndipo alipokaa mmisionari wa Leipzig, Bruno Gutmann, alifika Kilimanjaro 1902 akafanya kazi mpaka 1938. Yeye aliona hichohicho unachosema, akataka kanisa lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika badala ya kuvunja vifungo hivyo. Nafikiri hapo ndipo tatizo la mama genge lilipo. Huku mjini Moshi, mitaa kama Njoro au Pasua, jirani yako katoka Singida, mwingine Tanga, mwingine Rombo, hamna mfongo mnaogawana wala mzee mnayemwogopa wote. Kimebaki kifungu cha Biblia peke yake, na kifungu bila watu wa kukisimamia kila mtu anakivutia upande wake.

#18 Meku_wa_Kidia
Aika mbe mwalimu. Mwaka nimekubali. Ila hao wa Leipzig walitukataza mengi pia, siku nyingine tutaongea.

#19 Chalii_wa_Ngarenaro
Nimerudi. Mimi ni konda, Arusha hapa, kifodi cha asubuhi. Nimeokoka mwaka juzi na nilikuwa na mdomo mchafu kinoma. Sasa nawaambia ukweli, abiria ndio wanaonipima. Saa kumi na mbili asubuhi ndio tumetoka, chenji sina, mtu anapanda Sakina anakaa kimya mpaka tunafika Mianzini ndio anatoa noti ya elfu kumi, tena kaikunja ndogo vile kama anakufanyia hisani. Zamani ningemshusha. Sasa hivi namwambia mama naomba usubiri kidogo nitafute, na yeye NDIO ANANITUKANA MIMI. Kwa hiyo mama genge uko sahihi, ukiwa mpole watu wanakupandia.

Lakini kuna kitu Meku kanifungua, zamu. Maana kuna siku mtoto wa shule alikuwa hana nauli nikamwacha akae, abiria mmoja nyuma akalipa ya yule mtoto na akaniambia chenji baki nayo. Huyo abiria mi simjui. Sasa labda zamu yangu ilirudi kwa njia hiyo, sijui.

#20 Mtumishi_Tengeru
Chalii huo ndio ushuhuda. Ona, hukumlipa ubaya kwa ubaya na Mungu akaonekana. Ndio maana Bwana alisema ukipigwa shavu la kuume geuza la pili. Tusitafute njia ya mkato ya kudai haki zetu kila saa, tutafanana na dunia.

#21 DadaMzima_Sanawari
Mtumishi hapo naomba nisimame. Hiyo ya shavu nimeisikia sana na nimeisikia nikiwa na jicho limevimba. Niliambiwa na wamama wa kanisa vumilia ndoa, omba, pika vizuri, mwanaume atabadilika. Niliomba. Nilipika. Aliyenisaidia ni shangazi yangu aliyenishika mkono tukaenda polisi dawati la jinsia na watoto. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema wazi hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, nimekuja kuijua nikiwa na watoto tayari. Kwa nini haikusomwa hata siku moja kwenye mafundisho ya ndoa?

Wadada mnaosoma huu uzi kimya kimya, kupigwa sio shule ya uvumilivu. Ondoka kwanza uwe salama, maandiko tutasoma ukiwa salama.

#22 Kwaya_Alto
Dada pole, na asante kwa kuandika.

Mtumishi, Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakunyamaza. Yohana 18:23, "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Hakurudisha kofi, na kosa alilitaja hadharani mbele ya watu.

#23 Mtumishi_Tengeru
Dada Sanawari nimekusoma na sina la kubishana na hilo, kupigwa sio mapenzi ya Mungu. Nilikuwa naongelea maudhi ya kawaida, chenji, madeni, maneno. Huko bado naamini tunakimbilia haki mapema mno.

#24 Nipo_Pasua
Nilisema sichangii ila ngoja. Mimi ndio hao mnaowasema, nadaiwa genge mbili. Mama genge sio mimi wako usiogope. Mume alikuwa kibarua ujenzi, kazi ikasimama. Mnadhani mtu akisema tuvumiliane anakudharau? Hana kingine cha kusema. Nikisema nitalipa Ijumaa nitakuwa nimedanganya, nikinyamaza ni jeuri, nikilia ni maigizo, basi natamka neno la kanisani kwa sababu ndilo lililo karibu. Na hizo nywele, shemeji alinisuka bure kwa sababu ya harusi ya mdogo wake, ungekuja bila kusuka wangesema mengine. Napita njia ya nyuma kwenye mtaro ili nisipite mbele ya genge. Sio raha.

#25 MamaGenge_Njoro
Mdogo wangu umenifanya nikae chini. Ya nywele nimekusikia, sikulifikiria hivyo. Lakini na mimi nikwambie, hiyo njia ya mtaro ndio inaniuma kuliko hela. Hela ya mkaa labda 40,000, mtaji unayumba lakini narudi sokoni Mbuyuni alfajiri naanza tena. Mtu uliyekuwa unaongea nae kila jioni ghafla anakukimbia na kanisani anakaa benchi la nyuma. Ukija ukaniambia mama sina, mwezi huu wote sina, mimi namalizana na moyo wangu siku hiyohiyo. Umenyimwa nini ukisema hivyo?

#26 Nipo_Pasua
Nanyimwa uso mama. Ile siku ya kwanza baada ya kusema, kila mtu atakuwa anajua.

#27 MangiMdogo
Mnaona sasa? Wote wawili watu wazuri, na urafiki umekufa kwa sababu ya mafuta ya kupima. Karatasi yangu ingewaokoa. Ukimchekea nyani utavuna mabua, tena hapa nyani ni hilo daftari, sio mtu.

#28 Binti_Marangu
Mangi na wewe karatasi yako, siku umeugua utailaza kitandani ikuuguze? 😂

#29 MangiMdogo
Hahaha binti umenishika. Ila mgonjwa wa jumuiya tunaenda wote, karatasi inabaki dukani.

#30 Mwalimu_Mstaafu_Kibosho
Mleta mada, kama unaamua kumwendea huyo wa kwako, fuata Mathayo 18:15 kwa mpangilio wake. Kwanza wewe na yeye peke yenu. Sio kikao, sio grupu la WhatsApp la umoja wa wanawake. Hatua ya mashahidi wawili watatu ni ya pili, na kanisa ni ya tatu. Wengi wetu tunaanzia ya tatu. Na Luka 17:3 inasema ndugu yako akikosa mwonye, akitubu msamehe, kwa hiyo kuonya nako ni wema, sio kukosa uvumilivu.

#31 Meku_wa_Kidia
Na akija yeye mwenyewe kabla hujamwendea, hata mikono mitupu, hesabu ameleta isale.

#32 Mtumishi_Tengeru
Tukiendelea na hoja, mimi bado nasema bila maombi huko kuonya kutageuka ugomvi mlangoni. Nimeshuhudia.

#33 Nesi_wa_Zamu
Na bila kulala vilevile Mtumishi. Mama usiende ukiwa umetoka Mbuyuni alfajiri hiyohiyo na njaa.

#34 MamaGenge_Njoro
Nimewasikia wote. Nitaenda peke yangu, wiki hii. Nimwambieje nikifika mlangoni?

#35 Nipo_Pasua
Usianze na deni mama. Na usiende Jumapili baada ya ibada, watu wanakuwa barazani wamevaa vizuri wanaangalia nani kaingia wapi. Nenda jioni watoto wakiwa wametumwa maji. Muulize kama mume wake ana kazi. Akishajibu hilo mengine atasema mwenyewe, na kama kweli anazo na ni ujeuri tu utaona papo hapo, hatakukaribisha kukaa.

#36 Chalii_wa_Ngarenaro
Dada Pasua una akili nyingi sana.

#37 Cherehani_Sakina
Wakuu nimeingia sasa hivi nimesoma kuanzia juu, asanteni. Nina swali la haraka maana kesho jioni tuna kikao. Mimi ni fundi cherehani, nilishona sare za kundi letu lote la kanisani, hela haijaisha kulipwa. Mwalimu kasema hatua ya tatu ni kanisa. Sasa kama anayeniambia nivumilie ndio huyohuyo mzee wa kanisa anayekaa kusuluhisha, naanzia wapi?